Maswali ya Wasomaji: Mboji Imeundwa na Nini, na Inapimwaje?

Barua za safari hii zimetoka kwa wanafunzi, mafundi wa maabara na mkulima mmoja. Zote zinahusu mata ogani ya udongo, yaani mabaki ya mimea, wadudu na vijidudu yaliyooza kwa viwango mbalimbali, na namna ya kuyajua kikemia. Barua tumezifupisha, majibu tumeyaacha marefu pale palipohitaji.

Walimu wangu, shikamooni. Nasoma shahada ya uzamili Morogoro. Msimamizi wangu anataka nitoe asidi ya humiki na ya fulviki kwenye udongo mwekundu, kisha nieleze umbo la molekuli ya mboji. Kitabu changu kina mchoro wa molekuli moja kubwa yenye pete nyingi, lakini mwenzangu anasema molekuli hiyo haipo. Nishike lipi?

Marahaba. Mwenzako yuko sahihi kuhusu ule mchoro. Msimamizi wako naye anaweza kupata kazi nzuri, ila swali la utafiti inabidi libadilike kidogo.

Mwaka 1786 mkemia wa Ujerumani, Franz Karl Achard, alitia peti, yaani udongo mweusi wa mabaki ya mimea ya bwawani, kwenye alkali akapata maji meusi. Alipoyatia asidi, tope jeusi likatuama. Mpaka leo utaratibu ni huohuo. Kinachoyeyuka kwenye alkali kisha kikaganda kwenye asidi huitwa asidi ya humiki, kinachobaki kimeyeyuka ni fulviki, na kilichokataa kutoka udongoni ni humini. Mgawanyo huu unafuata uyeyukaji tu. Ndani ya kila fungu mna maelfu ya molekuli zisizofanana, na waliochora molekuli moja walikuwa wanachora wastani wa mchanganyiko.

Tatizo la pili liko kwenye alkali yenyewe. Haidroksidi ya sodiamu ya mola 0.1 ina pH 13, wakati udongo wa mashamba yetu mengi uko kati ya 4.5 na 8. Kwenye pH 13 makundi ya kaboksili na ya fenoli hupoteza haidrojeni zake, molekuli hujaa chaji hasi, zikasukumana na kuachana na madini. Viungo vya esta hukatika. Oksijeni ikiwepo, fenoli huoksidika na kuungana upya, na maji yakazidi kuwa meusi chupani huku unayatazama. Kwa hiyo sehemu ya weusi utakaoupima umeutengeneza wewe, na bado kaboni nyingi imebaki udongoni bila kutoka.

Johannes Lehmann na Markus Kleber walilieleza hili katika jarida la Nature mwaka 2015. Hoja yao ni kwamba udongo una mfululizo wa vipande, kuanzia jani linaloonekana kwa macho hadi molekuli ndogo kabisa. Vimeng'enya vya vijidudu huvikata vipande hivyo, na kadiri vinavyozidi kuwa vidogo ndivyo vinavyozidi kubeba oksijeni, kuyeyuka majini na kunasa kwenye madini. Ukivichunguza unakuta vitu vinavyojulikana: sukari zilizoungana, protini na vipande vyake, mafuta na nta, mabaki ya lignini (kinachoupa mti ugumu), mkaa wa mioto ya zamani, na kuta za bakteria na kuvu waliokufa. Hizo kuta zina alama zake. Asidi ya muramiki hutoka kwa bakteria peke yao, wakati glukosamini hutoka zaidi kwa kuvu.

Kuhusu kwa nini kipande fulani hudumu miaka mingi, jibu liko zaidi mahali kilipo kuliko umbo lake. Protini, ambayo bakteria huila kwa siku chache ikiwa huru, hudumu ikiwa imeshikwa na oksidi ya chuma au imefungiwa ndani ya kibonge ambamo oksijeni haifiki. Ushahidi mmoja mzuri umetoka kwetu. Mwaka 2006 James Kinyangi na wenzake walichapisha uchunguzi wa vibonge vidogo vya udongo wa Nandi, Kenya, walivyovipiga kwa miale ya eksirei laini bila kuvitia alkali. Aina za kaboni hazikuwa zimesambaa sawasawa kama mtu angetarajia kwa molekuli moja kubwa: zilitofautiana kutoka sehemu moja ya kibonge hadi nyingine, kwa umbali mdogo kuliko mikromita moja.

Tunashauri swali lako liwe hivi: katika udongo huu kuna makundi gani ya kaboni, kwa uwiano gani, na yameshikwa na nini? Pima udongo mzima kwanza. Dondoo la alkali liwe kipimo cha nyongeza, na useme wazi limechukua asilimia ngapi ya kaboni yote.

Ukilifanya, fuata utaratibu wa shirika la kimataifa la wanasayansi wa humiki, IHSS, ili matokeo yako yaweze kulinganishwa na ya wengine. Chukua gramu 20 za udongo uliokauka kwa hewa na kupita chekeche ya milimita 2. Tia asidi ya haidrokloriki hadi pH iwe kati ya 1 na 2, kisha ongeza asidi ya mola 0.1 hadi ujazo ufike mililita 200. Tikisa saa 1, acha itulie, kimiminika cha juu ukiweke kando kwa ajili ya fulviki. Hatua hii huondoa kalsiamu, ambayo ingeizuia humiki isitoke. Rudisha udongo kwenye pH 7 kwa haidroksidi ya sodiamu ya mola 1, kisha ongeza ile ya mola 0.1 hadi mililita 200 huku gesi ya nitrojeni ikipita chupani. Tikisa kwa muda usiopungua saa 4, acha ilale usiku, zungusha kwenye sentrifuji. Kimiminika kitie asidi ya haidrokloriki ya mola 6, kidogokidogo huku ukikoroga, hadi pH 1. Kiache saa 12 hadi 16, zungusha tena. Tope lililoganda ndiyo humiki.

Kosa tunaloliona sana ni kuruka nitrojeni kwa sababu mtungi umeisha. La pili ni mfinyanzi. Udongo mwekundu uliotiwa sodiamu hutawanyika na kuingia kwenye dondoo, nawe ukadhani umepata humiki nyingi. Choma sampuli ndogo upime majivu. Yakiwa zaidi ya asilimia chache, yeyusha tena tope kwenye haidroksidi ya potasiamu ya mola 0.1, ongeza kloridi ya potasiamu hadi potasiamu ifike mola 0.3 ili mfinyanzi ugande, uzungushe na kuanza upya na asidi.

Habari za kazi. Mimi ni fundi wa maabara, Kilifi. Udongo mmoja wa pwani unanipa kaboni asilimia 1.1 kwa njia ya Walkley na Black, asilimia 2.9 kwa mashine ya kuchoma, na tanuri linaniambia mata ogani ni asilimia 8. Ipi ya kweli?

Nzuri. Kwa udongo uliotokana na matumbawe hatushangai. Kila kipimo kati ya hivyo vitatu kinaona kitu tofauti.

Mashine ya kuchoma hufika nyuzi 900 na zaidi, na hubadilisha kaboni yote kuwa gesi, pamoja na ile ya chokaa. Kalsiamu kaboneti ni asilimia 12 kaboni kwa uzito. Udongo wenye asilimia 15 tu ya chokaa unakuongezea kaboni asilimia 1.8, na hiyo ndiyo tofauti uliyoipata. Dondoshea udongo asidi ya haidrokloriki ya mola 1: ukitoa povu, usiuchome kabla ya kuutoa chokaa. Pima miligramu 30 za udongo uliosagwa laini ndani ya kikombe cha fedha, tia mikrolita 50 za maji, weka vikombe kwenye desiketa, chombo cha kioo kinachofungwa kabisa, pamoja na bika yenye mililita 100 za asidi ya haidrokloriki kali, funga saa 6 hadi 8. Kausha nyuzi 60 kwa saa 4, kisha kifungie kikombe ndani ya cha bati. Kikombe cha bati peke yake hakifai, asidi hukila. Sampuli isiyokaushwa vizuri hupeleka mvuke wa asidi ndani ya mashine, na ukarabati wake ni ghali. Udongo wenye matumbawe mengi huenda ukahitaji muda zaidi. Jaribu kwa kuongeza saa hadi jibu liache kushuka.

Tanuri nalo hupima uzito uliopotea, na uzito hupotea kwa njia nyingi. Kaolini, mfinyanzi uliojaa katika udongo wa Afrika Mashariki, ina maji karibu asilimia 14 yaliyofungwa ndani ya fuwele zake, na huyaachia kati ya nyuzi 400 na 600. Udongo wenye nusu yake kaolini, ukichomwa kwa nyuzi 550, hupoteza asilimia 7 bila mata ogani hata chembe. Kushusha joto hadi 360 husaidia kwa kaolini, lakini kwenye udongo mwekundu wenye gibsaiti, madini ya alumini, haisaidii, kwa sababu gibsaiti huachia maji yake karibu nyuzi 300. Tanuri litumie kwa peti na kwa udongo wa kichanga.

Kwa hiyo ile 1.1 ya Walkley na Black, njia inayooksidisha kaboni kwa daikrometi bila kuihesabu ile ya chokaa, ndiyo iliyo karibu na kweli, mradi umeifanya sawasawa. Udongo upite chekeche ya milimita 0.5, na usisagwe kwenye kinu cha chuma, maana vumbi la chuma hula daikrometi. Pima gramu 0.5, tia mililita 10 za potasiamu daikrometi ya nomali 1, kisha mililita 20 za asidi ya salfuriki kali. Asidi uimwage kwa haraka, kwa mkupuo mmoja, ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Joto la kuchanganyika, karibu nyuzi 120, ndilo linalofanya kazi yote. Ukiimwaga polepole, au ukiweka flaski juu ya sakafu baridi ya saruji, joto halifiki na kaboni inabaki bila kuoksidika. Weka flaski juu ya ubao. Baada ya dakika 30 ongeza mililita 200 za maji na mililita 10 za asidi ya fosforiki, ambayo huifunga feri ili rangi ya mwisho isikuchanganye. Kisha dondoshea mmumunyo wa chuma cha ferasi kutoka kwenye bureti, kupima daikrometi iliyobaki. Kwa kiashiria cha difenilamini rangi hutoka zambarau hadi kijani, na mwishoni hugeuka kwa tone moja.

Hesabu: tofauti kati ya bureti ya flaski tupu na ya sampuli, zidisha kwa nomali ya ferasi, kwa 0.003, kwa 100, kwa 1.3, gawa kwa gramu za udongo. Flaski tupu ikila mililita 20.0 za ferasi ya nomali 0.5, na sampuli ya gramu 0.5 ikila 14.0, kaboni ni asilimia 2.34. Sampuli ikila chini ya mililita 4, daikrometi ilikuwa ukingoni kuisha: rudia kwa udongo mchache zaidi.

Ile 1.3 ina historia yake. Walkley na Black, mwaka 1934, walikuta njia yao inakamata wastani wa asilimia 77 ya kaboni katika udongo walioujaribu. Kwako inaweza kuwa nyingine, hasa penye mkaa, ambao daikrometi huugusa kidogo sana. Kadhalika 1.724, ya kugeuza kaboni kuwa mata ogani, inadhani kwamba mata ogani ni asilimia 58 kaboni kila mahali. Sisi tunapendelea kutoa ripoti ya kaboni na kuishia hapo.

Kwa pwani kuna jambo moja zaidi, chumvi. Kloridi hula daikrometi na kukuza jibu lako. Udongo wa karibu na mikoko utumie asidi ya salfuriki iliyoyeyushiwa salfeti ya fedha gramu 15 kwa lita. Na mabaki ya kromiamu usiyamwage kwenye sinki: yamalizie kwa ferasi hadi rangi ya chungwa iishe kabisa, tia chokaa hadi pH 8 au 9, tope la kijani lituame, likusanywe kama taka ya sumu.

Mimi ni mkulima wa mahindi, Trans Nzoia. Duka la pembejeo linaniuzia chupa ya maji meusi, wanasema ni humiki na itanirudishia mboji shambani. Ni kweli?

Mboji haitarudi kwa chupa, na hesabu inaonyesha. Lebo ikisema asilimia 12, lita moja ina gramu 120 za humiki, yaani kaboni gramu 65 hivi. Ekari moja, kwa kina cha sentimita 20, ina udongo kama tani 1,050. Ukiwa na kaboni asilimia 2, hiyo ni tani 21 za kaboni. Gramu 65 hazionekani hapo. Tani moja ya samadi kavu yenye kaboni asilimia 30 inakupa kilo 300, na ingawa sehemu kubwa itaoza, vijidudu vitakavyoila ndivyo vitakavyoacha kaboni inayoshikamana na udongo.

Bidhaa nyingi za namna hiyo hutengenezwa kwa makaa ya kahawia yaliyooksidika ardhini, yakayeyushwa kwa haidroksidi ya potasiamu. Zipo zinazochochea mizizi, hasa miche ikiwa kwenye kitalu au kwenye maji, lakini shambani matokeo hutofautiana sana. Kama umeshainunua, ijaribu kwenye mistari michache na uache mingine bila, uone mavuno. Usiichanganye tangi moja na naitreti ya kalsiamu wala na dawa yenye asidi: itaganda na kuziba nozeli.

Nilituma sampuli za udongo mwekundu nje ya nchi zipimwe kwa NMR. Zimerudi na mistari iliyojaa kelele, hakuna kilele kinachoeleweka. Maabara wanasema tatizo ni udongo wangu. Nifanye nini? (Mwanafunzi wa uzamivu, Bukavu.)

Wanasema kweli. Kipimo hiki husikiliza viini vya kaboni-13, aina nzito kidogo ya kaboni, vikiwa ndani ya sumaku kali, na kaboni-13 ni asilimia 1.1 tu ya kaboni yote. Udongo wa kaboni asilimia 2 una sauti ndogo tangu mwanzo. Chuma kilichomo, ambacho chenyewe kina usumaku, huipoteza hata hiyo ndogo. Kanuni ya kazini ni kwamba uzito wa kaboni uzidi uzito wa chuma. Katika udongo mwekundu mara nyingi ni kinyume, tena kwa mara nyingi.

Dawa ni asidi ya haidrofloriki, ambayo huyeyusha madini na kuacha kaboni nyingi nyuma. Utaratibu unaotumika sana ni gramu 10 za udongo kwenye chupa ya polithini, mililita 50 za asidi hiyo ya asilimia 10, kutikisa saa 2, kuzungusha, kumwaga kimiminika, na kurudia mara 5. Kisha osha kwa maji yaliyosafishwa mara 5 na ukaushe kwa kugandisha. Kabla na baada, pima kaboni na nitrojeni. Kaboni yote iliyopotea iandikwe kwenye ripoti, kwa kuwa ilikuwa imeshikwa na yale madini uliyoyayeyusha, na pengine ndiyo uliyoitafuta. Uwiano wa kaboni na nitrojeni ukibadilika sana, mabaki hayawakilishi tena udongo wako.

Tunakusihi usiifanye kazi hii mahali pasipo na vifaa. Asidi hii hula kioo, hivyo hakuna bika wala pipeti ya kioo. Hupenya ngozi na kufuata kalsiamu ya mwili, na ikiwa hafifu maumivu huanza baada ya saa nyingi, wakati madhara yameshaingia ndani. Jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5 iwe mezani kabla chupa haijafunguliwa, uwe na mtu wa pili chumbani, na glavu ziwe nene za mpira. Ikimgusa mtu, aoshwe kwa maji mengi, apakwe jeli, apelekwe hospitali hata kama hasikii kitu. Kama hayo hayapo, lipia maabara ya huko nje wakufanyie.

Spektra ikitoka safi, isome kwa maeneo, kwa kipimo cha ppm. Kutoka 0 hadi 45 ni minyororo ya mafuta na nta. 45 hadi 110 ni kaboni iliyoshikana na oksijeni, hasa sukari, na karibu na 56 huonekana methoksili ya lignini pamoja na kaboni za protini. 110 hadi 160 ni pete za aromatiki, zile za fenoli zikianzia kama 145. 160 hadi 220 ni kaboksili, esta na amidi. Gawa eneo la kwanza kwa la pili. Uwiano huo ukipanda, kwa kawaida sukari zimeliwa na uozaji umesonga mbele.

Angalia vilele vya uongo. Sampuli huzungushwa, na kila kilele hutoa vivuli vyake kwa umbali unaolingana na kasi. Katika mashine ambayo kaboni-13 husikika kwenye megahezi 75, kasi ya kilohezi 5 hutupa vivuli umbali wa 67. Kilele cha aromatiki cha 130 kitaweka kivuli karibu na 63, katikati ya sukari, nawe utahesabu sukari isiyokuwepo. Omba kilohezi 10 au zaidi. Na kama shamba lilichomwa miaka na miaka, omba pia kipimo kisichopitisha nguvu kwenye haidrojeni, kwani pete za mkaa ziko mbali na haidrojeni na kipimo cha kawaida huzipunja.

Sina NMR ila ninayo mashine ya infraredi. Nimeona kilele kikubwa kwenye 1030 cm⁻¹ nikaandika sukari. Mwalimu amekata kwa kalamu nyekundu. Kwa nini?

Kwa sababu silika na mfinyanzi hupiga hapohapo, na kwenye udongo mzima wao ndio wenye kilele. Sukari iko chini yao, haionekani. Vilele vya 3690 na 3620 ni kaolini. 1430 na 875 vikija pamoja ni chokaa. Mata ogani itafute kwenye 2920 na 2850, ambako ni minyororo ya kaboni na haidrojeni, 1720, kaboksili, 1510, pete za lignini. Kwenye 1630 kuna pete, amidi na maji kwa pamoja, kwa hiyo usikipe jina moja.

Maji huingia kwa urahisi. Bromidi ya potasiamu, chumvi ya kutengenezea kidonge cha sampuli, hunyonya unyevu wa hewa. Ikaushe kwa nyuzi 105, changanya miligramu 1 ya udongo kwa 100 za bromidi, na ubonye kidonge mara moja. Kidonge chenye ukungu kitakupa mlima kwenye 3400 ambao ni hali ya hewa ya siku hiyo.

Wengine huchoma udongo kwa nyuzi 550, hupima majivu, kisha hutoa spektra ya majivu kwenye ile ya udongo wakidhani kinachobaki ni mata ogani tupu. Kwa udongo wa kaolini usifanye hivyo. Joto hilo limeivunja kaolini, vilele vyake havimo kwenye majivu, kwa hiyo vyote vinabaki kwenye jibu lako vikijifanya mata ogani.

Kukisia asilimia ya kaboni kwa infraredi inawezekana, na maabara ya ICRAF, kituo cha utafiti wa kilimo-misitu, jijini Nairobi imeifanya kwa maelfu ya sampuli za Afrika. Lakini hiyo inategemea sampuli za mfano zilizopimwa kwa mashine ya kuchoma, zinazofanana na udongo wako. Ukitumia kanuni za udongo wa nyanda za juu kwa udongo wa matumbawe, utapata namba safi na zenye makosa.

Natenganisha kaboni ya vipande na kaboni iliyoshikwa na madini kwa chekeche ya mikromita 53. Udongo wa Kakamega unaniachia mchanga mwingi kuliko kipimo cha chembechembe kilivyosema. (Msaidizi wa utafiti.)

Huo si mchanga wote. Oksidi za chuma hugandisha mfinyanzi kuwa punje ngumu zenye ukubwa wa mchanga, na punje hizo hazivunjiki kwa kutikisa. Chukua kidogo kilichobaki juu ya chekeche, lowesha, sugua kwa kidole kwenye kigae cheupe. Kikiacha doa jekundu, ni mfinyanzi uliojificha, na kaboni yake umeihesabu kama vipande vya majani.

Utaratibu wa kawaida wa gramu 10 za udongo na mililita 30 za sodiamu heksametafosfeti ya gramu 5 kwa lita, kutikisa saa 15, ni sahihi. Kwa udongo huu ongeza shanga za kioo kwenye chupa, au mawimbi ya sauti yaliyopimwa nguvu yake. Ongeza kwa hatua, na usimame pale doa linapokwisha: ukizidisha, majani yenyewe yatasagika na kupita chekeche. Mwishoni jumlisha kaboni ya mafungu mawili. Isipofika kati ya asilimia 90 na 110 ya kaboni ya udongo mzima, kuna fungu limemwagika au limeyeyuka kwenye maji ya kuoshea, rudia.

Nitajuaje kaboni ya msitu wa zamani iliyobaki na ya mahindi iliyoingia?

Kwa uwiano wa kaboni-13 na kaboni ya kawaida, unaoandikwa kama tofauti na kiwango cha kimataifa. Miti na mimea mingi ya msituni huwa karibu na -27 kwa elfu, mahindi na mtama karibu na -12. Unahitaji namba tatu: udongo wa msitu wa jirani usiowahi kulimwa, mabua ya mahindi yenyewe, na udongo wa shamba. Msitu ukiwa -26, mahindi -12, shamba -22, kaboni imesogea 4 kati ya 14, yaani asilimia 29 ni ya mahindi.

Sampuli zote ziwe za kina kimoja, kwa kuwa hata chini ya msitu namba hupanda kidogo kadiri unavyoshuka ardhini. Chokaa iondolewe kwanza. Na muulize mwenye shamba kama kuna wakati liliota nyasi kabla ya mahindi: nyasi nyingi za savana zina alama ileile ya mahindi, na mashine haiwezi kuzitenganisha.